Konti wa Samad: Shahidi Aliyekatizwa

Vile viatu mlangoni kwa Bi Mwatima vilikuwa vya Sheikh Yaqoub.

Haya, nimesema. Wiki nzima hamkuniacha nilale. Yuko msomaji mmoja wa Sur aliyeniapia kwamba ni viatu vya marehemu babu, kafufuka kuja kuwatia adabu wajukuu. Hapana, bwana. Marehemu yuko kaburini kwake Samad Ash Shan, amepumzika. Wanaohangaika ni hawa walio hai wanaogombea kiti chake.

Alyaa alivitazama vile viatu vya ngozi, vipya, vimepangwa sawasawa kwenye kizingiti. Alikuwa ameendesha gari kutoka Nizwa mpaka Ibra bila kusimama hata kununua maji, ili amkute yule bibi kizee peke yake. Kumbe Sheikh Yaqoub kamtangulia.

Na wewe uliyeanza kusoma leo usininunie, nakueleza. Alyaa ni mwalimu wa historia chuoni, mtoto wa watu waliorudi kutoka Unguja. Sinan ni mumewe wa miezi kumi. Sheikh Yaqoub ni ami yake Sinan. Babu alipokufa wazee wa Samad waligawika, nusu wanamtaka Yaqoub awe sheikh wao, nusu wanamtaka Sinan. Siku tatu nyuma Yaqoub akamsimamisha Bi Mwatima, yaya wa zamani wa Sinan, sablani, barazani mwa wazee, naye akasema mbele ya wanaume arubaini: "Hawa wawili, Sinan na Alyaa, niliwanyonyesha mimi walipokuwa wachanga."

Waliokunywa ziwa moja ni ndugu, na ndugu hawaoani. Ikiwa bibi yule kasema kweli, basi ndoa ya Alyaa haikuwa ndoa hata siku moja. Na leo, baada ya Alasiri, wazee wanakata shauri.

"Hodi!"

"Karibu, karibu," ikajibu sauti ya mwanamume.

Alyaa akaingia. Sheikh Yaqoub alikuwa amekaa kwenye mto, kilemba kimefungwa vizuri, kikombe cha kahawa mkononi, utadhani nyumba ni yake. Bi Mwatima alikuwa pembeni juu ya mkeka, kanga mpaka kwenye nyusi, hainui macho.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, binti yangu. Kaa. Kahawa bado ya moto."

Ndiyo adabu waliyolelewa. Mtu anakuvunjia nyumba, na bado utamwamkia kwanza. Alyaa akakaa, akapokea kikombe.

"Mimi sina ugomvi na wewe, wallahi," akasema Yaqoub. "Wewe mtoto wa watu, msomi, mwenye heshima zako. Lakini sharia ni sharia."

"Sharia naijua, ami. Na hila naijua vilevile. Nimeisoma miaka tisa."

"Tumerudi kwa makafiri wako wa Ufaransa!"

"Tumerudi kwao."

Nawaomba ndugu zangu mnivumilie kidogo hapa. Nisipoeleza, hamtafahamu kwa nini mwanamke mwenye akili zake alifanya alilolifanya nusu saa baadaye. Alyaa kasomea makonti. Konti, kwa anayeuliza, ni kabaila wa Ufaransa ya zamani: ana ngome, ana mashamba, ana watu wa kumuapia, na ana jamaa wanaomwombea afe. Sinan mwenyewe alimpendea hapo. Alimsikia ukumbini Nizwa akieleza habari ya konti wa Anjou aliyemshinda mwanawe vitani, akamlazimisha kutambaa na tandiko la farasi mgongoni mpaka miguuni pake. Watu walicheka. Sinan hakucheka, alibaki nyuma kuuliza yule mwana alijisikiaje. Alyaa akampenda kwa lile swali.

"Palikuwa na konti akiitwa Raoul, wa Vermandois," akasema Alyaa. "Ana mke, wameishi miaka. Akamtaka shemeji wa mfalme, maana huko ndiko kwenye nguvu. Atamwacha vipi mkewe, na kanisa lao haliruhusu talaka? Wakatafutwa maaskofu watatu, mmoja wao ndugu yake mwenyewe Raoul. Wakaapa kwamba konti na mkewe ni jamaa wa damu. Ndoa ikavunjwa, akaoa aliyemtaka. Udugu ulikuwa haujulikani miaka yote, ukajulikana siku ulipohitajika."

"Na mimi ndiye huyo Raoul?"

"Wewe umemtafuta askofu mmoja tu, ami. Binti yako Nouf anajua kwamba unamchumbia mume wa mtu?"

Yaqoub akaweka kikombe chini. Hakukasirika. Mimi mtu kama huyu ananitisha kuliko anayepiga meza.

"Nouf atanifuata mimi baba yake. Sasa sikiliza wewe. Sehemu ya juu ya falaji, mfereji wetu wa maji, ni yangu, ya chini ya Sinan. Maji yanapita kwangu kabla hayajafika kwake. Akikuacha leo, kimyakimya, akamuoa Nouf, nyumba mbili zimekuwa moja na mimi mwenyewe nitasimama kusema huyu ndiye sheikh. Akikataa, nitawauliza wazee neno moja tu: jina hili mtalipelekaje kwa wali, mkuu wa wilaya, la mtu aliyelala na dada yake?"

Alyaa alihisi uso unamwaka. Alitaka kummwagia ile kahawa. Badala yake akageuka kwa bibi kizee.

"Bibi, nataka kuongea nawe mambo ya wanawake."

Ami hapo alishikwa. Mwanamume wa Kizanzibari aliyelelewa, ukishamwambia "mambo ya wanawake", hana jingine ila kutafuta mlango. Yaqoub akainuka, akajikung'uta kanzu, akacheka kidogo.

"Hodari wewe. Bibi, neno likitoka halirudi. Tutaonana Alasiri."

Mlango ukafungwa. Gari lake likaondoka.

Alyaa hakupoteza wakati.

"Bibi, una miaka mingapi?"

"Miaka yetu sisi nani kaihesabu, mwanangu? Kitambulisho chasema thamanini na nne."

"Mimi nina thalathini na tatu. Sinan vilevile. Basi tulipozaliwa wewe ulikuwa na hamsini na moja. Mwanao wa mwisho ulimzaa lini?"

Bibi akavuta kanga mbele ya uso.

"Lini, bibi?"

"Yule alokufa Chake Chake. Hatujahamia huku bado."

"Basi ni miaka ishirini kabla sisi hatujazaliwa. Ziwa ulilipata wapi?"

Wazee arubaini wenye ndevu, wajuzi wa zamu za maji mpaka nukta ya mwisho, na hakuna hata mmoja aliyehesabu miaka ya yaya. Alyaa alihesabu. Akanyanyuka, akautoa msahafu rafuni kwa mikono miwili, akauweka juu ya mto mbele ya bibi.

"Udhu unao?"

"Ninao."

"Weka mkono, useme tena kama ulivyosema Samad."

Bi Mwatima akaitazama ile mikono yake iliyokunjamana. Akairudisha chini ya kanga.

"Siwezi. Sikukunyonyesha mimi. Wala yeye sikumnyonyesha. Nimesema uongo."

Alyaa alikuwa tayari ana simu sikioni. Kule Samad wazee wameshaanza kukusanyika, na Sinan alikuwa kati yao.

"Sinan! Weka sauti wasikie wote. Wote, Sinan! Bibi, sema."

"Alyaa, mwanangu, ningoje kwanza..."

"Sema, bibi, wanakusikiliza!"

Ikaja sauti nzito ya Mzee Marhun, mkubwa wa sabla, mzaliwa wa Mkokotoni ambaye Kiarabu chake mpaka leo kina harufu ya karafuu. "Nani anasema?"

"Mwatima binti Hamad."

"Sema, Bi Mwatima."

"Nilokwambieni ni uongo. Hawa watoto sikuwanyonyesha mimi. Lakini..."

"Allahu Akbar!" Sabla nzima ikalipuka. Watu wa Sinan walikuwa wakipiga kelele, wa Yaqoub wanazomewa, na katikati ya ghasia ile Alyaa alimsikia mumewe akilia, mtu mzima, mbele ya watu.

"Nakuja, Alyaa. Nakuja sasa hivi, roho yangu. Khalas, yamekwisha!"

Simu ikakatika.

Alyaa alisujudu palepale. Alipoinuka alimkumbatia yule bibi, akambusu kichwa, akacheka huku machozi yanamtoka.

"Nimewashinda, bibi! Miaka mia tisa wanatumia hila hiyohiyo, na leo nimewashinda!"

Bi Mwatima hakucheka.

"Hukuningoja nimalize."

"Umalize nini? Nani alikulazimisha? Ami alikupa nini?"

"Hakunipa kitu. Mimi ndiye nlomfata. Nlikuwa Sur kwa mjukuu wangu mwaka mzima, nikarudi nikaambiwa Sinan kaoa. Nikauliza kamuoa nani. Nlipotajiwa jina la mama yako nilikaa chini kwenye mchanga." Akaendelea. "Sinan alipokuwa mchanga mama yake alilazwa Maskati. Maziwa ya kopo hayataki, anatapika, anakauka. Mimi yaya wake, nimekabidhiwa mjukuu wa sheikh, namwona anakufa mikononi mwangu. Nikamleta kwangu hapa Ibra, na nyumba ya pili palikuwa na mwanamke kijana katoka Unguja, ana mtoto wa miezi minne, maziwa tele."

Alyaa akaketi mkekani.

"Nikampelekea. Wakubwa wangesikia kwamba mtoto wao kanyonya kwa watu waliokuja juzi na masanduku yao, wangenifukuza. Basi nikamwambia ni mjukuu wangu, jina lake Adham. Akampa ziwa siku saba. Mama wa mtoto akapona, nikamchukua, nikanyamaza. Yule mwanamke ni Amna. Mama yako."

"Uongo."

"Nlitaka ije juu yangu mimi. Ningesema Amna, watu wangesema Amna alijua, kamuoza binti yake kwa mwanawe. Yule hajui chochote, masikini ya Mungu. Nikasema niliwanyonyesha mimi, mtaachana na mama yako atabaki na uso wake. Hesabu ya miaka sikuifikiri."

"Uongo! Umesema uongo mara moja, unaweza kusema mara mbili!"

"Naweza," akasema Bi Mwatima. Kisha akautoa mkono chini ya kanga, akauweka juu ya msahafu.

Alyaa akampigia mama yake. Alikuwa bado ana tumaini, na mimi simcheki, ningekuwa nalo. Bi Amna alikuwa njiani, jirani yake Mazoon ndiye aliyeshika usukani. Alikuwa hana subira ya kungoja habari Nizwa.

"Tumeshapita Izki, mwanangu. Vipi, wamesemaje?"

"Mama, kuna kitu nataka kukuuliza. Uliwahi kumnyonyesha mtoto wa mtu?"

"Mmoja tu. Mjukuu wa Bi Mwatima. Kwa nini?"

"Unamkumbuka?"

"Nitamsahau? Siku saba yuko kifuani kwangu! Wewe ukinyonya huku na yeye kule, na wewe mchoyo unampiga teke." Bi Amna akacheka. "Maskini, alishachomwa chuma cha moto, dawa ya degedege. Alama tatu, mstari mmoja, nyuma ya sikio la kushoto, bado mbichi. Nikawa nampaka samli. Hujui mara ngapi najiuliza yule mtoto yuko wapi leo. Alyaa? Unanisikia?"

Watoto wengi wa Oman wa siku zile walichomwa moto, ni kweli. Kisogoni, tumboni, utosini. Lakini alama tatu kwa mstari mmoja, nyuma ya sikio la kushoto, Alyaa alikuwa na kidole kilichozijua. Miezi kumi kidole hicho kilizipita kila asubuhi, moja, mbili, tatu, na mwenye sikio akijidai bado amelala. Mkwe hakuwahi kuziona. Mbele ya Bi Amna, Sinan hakupata kuvua kilemba hata siku moja, kwa heshima.

"Nakusikia, mama. Nendeni polepole."

Akaweka simu. Akalia. Sitaipamba hii: alilia kwa kelele, mdomo wazi, mpaka Bi Mwatima akafunga dirisha. Alilia kwa sababu anampenda Sinan na hakuna aliyemkosea. Yaqoub alitumia uongo na uongo ukatoka mikononi mwake kuwa kweli. Mama yake aliokoa mtoto wa mtu. Hata bibi huyu alikuwa anaokoa mtoto. Nani sasa utamchukia?

Na kilichomuumiza zaidi ni hiki. Ndugu wa ziwa ni maharimu yako. Kuanzia leo mpaka kufa angeweza kukaa na Sinan chumba kimoja kichwa wazi, kusafiri naye, kula naye sinia moja. Kila kitu cha nyumbani wangebakia nacho, ila ndoa. Afadhali angekuwa mgeni kabisa, angejifunika uso akapita.

Akakumbuka yule mke wa Raoul. Miaka tisa kamsoma, na hakuwahi kujiuliza alilia vipi. Waandishi wa wakati ule walieleza vita vilivyofuata, walieleza kanisa la Vitry lililochomwa na watu ndani. Mke hawakumwandikia hata machozi.

Magari yakafika.

Sinan aliingia mbio, kilemba kimelegea, hana hata hodi. "Wameniapia, Alyaa! Mmoja mmoja, kila mtu kaweka mkono wake kwenye mkono wangu. Ami kafika, kasikia, katoka bila kuaga. Wazee wako nyuma yangu, wanakuja kumsikia bibi kwa masikio yao, kisha..."

Akanyoosha mikono kumkumbatia. Alyaa akarudi nyuma hatua moja.

"Nini?"

"Vua kilemba, Sinan."

Alicheka, akavua. Alyaa akamwambia. Alimwambia yote, ya Maskati, ya maziwa ya kopo, ya siku saba, ya alama tatu, na jinsi mama yake alivyocheka kwenye simu akiwa hajui anachokisema. Sinan alisikiliza, mkono wake ukapanda taratibu mpaka nyuma ya sikio ukabaki pale.

Alyaa alingoja aseme neno. Yule mwanamume aliyebaki nyuma ya ukumbi angeuliza Alyaa anajisikiaje.

"Nani mwingine anajua?" akauliza Sinan.

"Sinan..."

"Nani mwingine?"

"Mimi na bibi. Mama anayo habari ya mtoto, hajui kuwa mtoto ni wewe."

"Basi." Akamshika mikono miwili. Alikuwa analia naye, na naapa machozi yake yalikuwa ya kweli. "Basi hakuna kilichotokea. Bibi keshasema uongo wake, wamesikia. Tunyamaze tu, Alyaa. Miezi kumi tulikuwa hatujui na Mungu hakutuadhibu."

"Tulikuwa hatujui. Sasa tunajua."

"Nikikuacha leo nitawaambia nini? Watasema ami alikuwa mkweli. Watu wangu wote, watoto wao, maji yao, nitawatia mkononi mwake? Kwa sababu ya siku saba ambazo hata sizikumbuki?"

"Mimi natamani hilo kuliko wewe, Sinan, usidhani. Mimi ndiye nitakayelala peke yangu. Lakini siwezi, kaka yangu."

Kaka yangu. Lilimtoka bila kulipanga. Sinan aliiachia mikono yake ghafla.

Mlangoni wakaingia wazee. Mzee Marhun mbele na mkongojo wake, nyuma yake sita wengine, na Bassam, binamu wa Sinan aliyemwendesha, amesimama kizingitini na funguo za gari. Wakasalimiana, wakaketi. Mzee Marhun hakutaka kahawa.

"Binti yetu Alyaa, tumeyasikia kwa simu. Lakini simu ni simu. Nakuuliza mbele ya hawa: Bi Mwatima alisema uongo aliposema aliwanyonyesha?"

Hapo, wasomaji wangu, angeweza kusema ndiyo akanyamaza. Asingesema uongo hata kidogo. Angebaki na mume, na nyumba, na heshima, na asubuhi zake. Sinan alikuwa akimtazama, midomo yake inasema bila sauti: tafadhali.

"Ndiyo," akasema Alyaa. "Alisema uongo."

"Alhamdulillahi," wakasema wazee.

"Hakutunyonyesha yeye. Alitunyonyesha mama yangu. Siku saba, mimi na Sinan. Sinan ni ndugu yangu."

Mzee Marhun akageuka taratibu.

"Sinan?"

Sinan alikuwa amekwisha kuvaa kilemba chake. Alikivuta chini, kikashuka mpaka shingoni.

"Mke wangu mgonjwa, babu," akasema. "Siku tatu hajala wala hajalala. Tangu ami atuletee maneno haya anazungumza peke yake. Ndiyo mambo ya vitabu anavyosoma, kila mtu kwake jamaa ya mtu."

Alyaa alimtazama, hakuamini. Nami nilipofika hapa niliweka kalamu chini nikaenda kunywa maji.

"Ni kweli asemayo mtoto!" Bi Mwatima akapiga kelele kutoka mkekani. "Mimi ndiye nlompeleka! Naapa!"

"Bibi," akasema Mzee Marhun kwa upole, "juzi ulisema hivi. Leo umesema vile. Sasa unasema vingine. Aliyekubali mwenyewe kwamba kasema uongo, ushahidi wake hatuwezi kuupokea tena."

Na nani aliyemfanya akubali? Nani aliyenyakua simu? Alyaa alilijua jibu.

"Mama yangu basi!" akasema. "Mama yangu anakuja, yuko njiani, muulizeni yeye! Mwacheni amtazame Sinan nyuma ya sikio! Muulizeni tu!"

Sinan akamwinamia Bassam, akamnong'oneza. Neno dogo. Bassam akasita, akamtazama Alyaa, kisha akatoka. Gari likawaka nje.

"Mwite!" Alyaa akaruka kuelekea mlangoni. "Mzee Marhun, mwiteni yule, anakwenda kumzuia mama!"

Sinan alimwahi. Akamshika kifundo cha mkono, kwa nguvu, na kwa mkono wa pili akamfunika bega lake kwa shela iliyoanguka, kama mume mwema yeyote. Simu ya Alyaa ilikuwa juu ya mto. Akaiokota akaishika yeye.

"Unaona, babu?"

Mzee Marhun alitikisa kichwa kwa masikitiko. Akainua viganja, na wazee wote wakainua vyao. Akamwombea binti yao Alyaa shifaa, Mwenyezi Mungu amwondolee wasiwasi, amrudishe salama nyumbani kwa mumewe.

"Amin," wakaitikia. "Amin. Amin."

Simu ikalia mkononi mwa Sinan. Jina la Bi Amna lilikuwa likiwaka. Sinan akaitazama, akafungua, akaisogeza sikioni, na Alyaa aliyekuwa ameshikwa karibu naye aliisikia sauti ya mama yake, changamfu, haina habari.

"Alyaa? Tumeshaingia Ibra. Kuna gari mbele yetu linatupungia tusimame, nadhani ni yule kijana wenu Bassam. Mazoon anauliza, tusimame?"

"Mama, usi..." Kiganja cha Sinan kikamfunika mdomo.

"Mimi Sinan, mama," akajibu kwa sauti ya mtoto mwema. "Simameni tu. Ingia kwenye gari lake, atakufikisha."